Jaji wa Calcutta na Ukoo wa Majina ya Wadudu

Katika kurasa hizi za kumbukumbu tumezoea kuwaenzi wazee wa dini. Safari hii tunamweka mbele ya wasomaji mtu ambaye hakuwa Mhindu: Sir William Jones, aliyezaliwa London tarehe 28 Septemba 1746.

Mwaka 1783 alifika Calcutta kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka uliofuata akaanzisha Jumuiya ya Asia. Mashauri ya Wahindu yaliamuliwa kwa sheria za Kisanskriti, naye hakuridhika kuhukumu kwa kutegemea tafsiri za wengine. Mabrahmani aliowaendea walikataa kumfundisha. Aliyekubali, mwaka 1785, ni Ramlochan, mwanachuoni wa tabaka la waganga. Tunamtaja kwa makusudi, kwani mara nyingi husifiwa mwanafunzi akasahauliwa mwalimu.

Tarehe 2 Februari 1786 Jones aliieleza Jumuiya kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zinafanana mno katika mizizi ya vitenzi na sarufi hata isiwezekane kuwa ni sadfa. Lazima zimetoka katika chanzo kimoja, ambacho huenda kimekwisha kutoweka. Hakuwa wa kwanza kuuona mfanano huo, na baadhi ya nasaba za mataifa alizozichora zimekataliwa. Hata hivyo, wazo la chanzo kilichotoweka liliwapa wanaisimu waliomfuata kazi kubwa.

Kazi hiyo ilifika hadi kwa wadudu. Kiroboto ni plushi kwa Kisanskriti, pulex kwa Kilatini, blusa kwa Kilithuania: sauti zimepinduka, ukoo ni mmoja. Sisimizi ni vamra. Wayunani walimwita myrmex, Warumi formica. Wengi huingiza katika ukoo huo neno valmika, yaani kichuguu, ambalo ndilo asili ya jina la Maharishi Valmiki, mtunzi wa Ramayana. Mapokeo husema alizama katika tafakuri hata kichuguu kikamfunika. Madhu, asali, ni medus kwa Walithuania, na kwa Wayunani methy, mvinyo. Lakini musca, nzi wa Kilatini, ingawa anakaribiana kwa sauti na makshika ya Kisanskriti, wataalamu humpa mzizi mwingine. Kufanana kwa sauti pekee si ushahidi. Makshika yenyewe ingali hai majumbani mwetu: Wagujarati humwita nzi makhi, na nyuki madhmakhi.

Jones mwenyewe hakuyachambua majina haya. Nyuki wake yumo katika Shakuntala ya Kalidasa, tamthilia aliyoichapisha kwa Kiingereza mwaka 1789: nyuki anamsumbua binti katika makazi ya watawa msituni, na mfalme aliyejificha anapata sababu ya kujitokeza. Kwa tafsiri hiyo Ulaya ilimjua Kalidasa.

Hakurudi kwao. Alifariki Calcutta tarehe 27 Aprili 1794, akiwa na miaka 47, mwaka uleule ilipotoka tafsiri yake ya sheria za Manu. Mkusanyo mkubwa wa sheria ulioandaliwa na wapandita aliuacha bila kumaliza kuutafsiri, H. T. Colebrooke ndiye aliyeukamilisha.