Grace Hopper na Daftari Lililo Wazi

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vyuo vyetu vikuu, mali inayopotea hivyo mara nyingi ni ujuzi wa programu za tarakilishi. Mtafiti hutumia miezi kuandika programu ya kuchanganua data yake, kisha huifanya siri. Akihama au akistaafu, mwanafunzi anayemfuata huanza upya. Mimi mwenyewe nimewahi kumwona mwanafunzi akipoteza muhula mzima akibuni kile ambacho jirani yake, mlango wa pili, alikuwa nacho tayari. Yafaa basi tuyatazame maisha ya Grace Hopper.

Mama huyu alizaliwa mjini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alitunukiwa shahada ya uzamifu katika hisabati na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, huku akifundisha katika chuo cha Vassar. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, alijiunga na jeshi la akiba la wanamaji mwaka 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kuhudumia Mark I, mtambo wa kukokotoa wenye urefu wa mita 15 hivi.

Mkuu wake, Howard Aiken, alimwamuru aandike kitabu cha kuueleza mtambo huo. Kikachapishwa mwaka 1946, kikiwa na kurasa zaidi ya 500. Aidha, Hopper na wenzake waliweka katika madaftari vipande vya programu vilivyokwisha kuthibitika kuwa sahihi. Aliyehitaji kipande hakukibuni upya. Aliazima daftari la mwenzake akanakili.

Hata hivyo, kunakili kwa mkono kulizaa makosa. Hopper akawaza: mbona mtambo wenyewe usiifanye kazi hiyo? Mwaka 1952, akiwa katika kampuni iliyounda tarakilishi ya UNIVAC, alikamilisha A-0, programu iliyochukua vipande vilivyohifadhiwa katika utepe na kuviunganisha. Toleo la A-2 lilipotoka mwaka 1953, wateja walipewa pamoja na maandishi yake asilia, wakaalikwa kurudisha marekebisho yao. Daftari la Harvard sasa lilikuwa wazi kwa kila mwenye mtambo ule.

Kwetu sisi wanaisimu, hatua iliyofuata ina ladha ya pekee. Hopper alitaka tarakilishi iamriwe kwa maneno ya kawaida badala ya alama za kihisabati, ili ujuzi usibaki kwa wachache. Aliwaonyesha wakubwa wake kwamba amri zingeweza kuandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Wakashtuka: vipi mtambo wa Marekani ujue Kifaransa? Hawakutambua kwamba kwa mtambo lugha zote ni alama tu. Kwa mantiki hiyo hiyo, hata Kiswahili kingefaa.

Kazi yake iliweka msingi wa COBOL, lugha iliyoanza kubuniwa mwaka 1959 na kamati ya makampuni hasimu na idara za serikali, naye akiwa mshauri. Desemba 1960 programu ile ile, karibu bila kubadilishwa, iliendeshwa katika tarakilishi za makampuni mawili yaliyoshindana.

Yupo atakayesema kwamba programu ni jasho lake, na akiigawa mwenzake atamtangulia kuchapisha makala. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa vyeo vyetu aghalabu hupimwa kwa makala. Basi vyuo navyo vihesabu programu iliyogawiwa na kuelezwa vizuri kuwa kazi ya kitaaluma. Lakini Hopper hakupoteza jina kwa kugawa. Waliotumia kazi yake ndio waliolieneza.

Alistaafu jeshini mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha ngazi ya admirali, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Miongoni mwa yote aliyoyatenda, alithamini zaidi kuwafundisha vijana.

Mwanafunzi, ukiandika programu, iandikie maelezo na umwachie mwenzako. Nawe mwalimu mwenzangu, lifungue daftari lako kabla hujafunga ofisi kwa mara ya mwisho.