Kabla ya Mekatilili kufungwa Kisii, alikuwako Moraa

Sisi watu wa Pwani jela ya Kisii tunaijua kwa sababu ya Mekatilili wa Menza. Waingereza walimkamata Ugiriama mwaka 1913, wakampeleka huko pamoja na Wanje wa Mwadorikola, na mwanzoni mwa 1914 wawili hao wakatoroka, wakashika njia ya kurudi kwao. Linalonichekesha ni kwamba mwanamke waliyemwona mkorofi walimhamishia nchi ya mwanamke mwingine aliyewatoa jasho miaka michache tu nyuma.

Huyo ni Moraa wa Ngiti, mganga na mtabiri wa Kitutu, ardhi ambayo leo imegawanyika baina ya kaunti za Kisii na Nyamira. Malkia hakuwa; Wagusii hawakuwa na ufalme. Alikuwa na ulimi, na watu walimsikiliza. Aliona wageni wakitoza kodi na kuswaga ng'ombe, na kwa Mgusii wa siku zile ng'ombe ndio mahari, bila ng'ombe kijana haoi. Akawa anawachochea vijana na kuwapa dawa ya vita.

Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, kijana wa jamaa yake, alimvizia DC Geoffry Northcote akamchoma mkuki mgongoni. DC hakufa. Waliokufa ni Wagusii. Wanajeshi wa KAR waliletwa wakateketeza vijiji, wakapora maelfu ya ng'ombe na kuua watu zaidi ya mia moja, wengi wao wasiojua lolote kuhusu mkuki ule. Hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London, aliona damu imezidi akalalamika.

Wako wanaosema Moraa aliwaponza watu wake. Mimi siafiki. Mwaka 1905 DC huyo hajakanyaga Kisii, na tayari bunduki ya rashasha ilikuwa imeshawamiminia risasi watu wenye mikuki na ngao. Sasa huyo mama angengoja nini?

Otenyo alikamatwa, akauawa. Jamaa zake mpaka leo wanadai kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na wanataka kirudishwe kizikwe. Northcote alipona, akapanda vyeo hadi kuwa gavana wa Hong Kong. Mekatilili ana sanamu yake Malindi. Moraa, ukimtaja huku kwetu, utaulizwa ni Moraa yupi.