Emin Pasha: Mjerumani aliyejifanya Mturuki, akafia msituni Kongo

GOMA - Mwezi Oktoba mwaka 1892, katika kijiji cha Kinena, ndani ya msitu ulio kusini-mashariki mwa Kisangani ya leo, aliuawa mwanamume wa miaka 52, mwembamba, mwenye miwani, aliyekuwa karibu kipofu. Kwa wengi waliomtumikia alikuwa Pasha, Mturuki na Mwislamu. Jina alilozaliwa nalo ni Isaak Eduard Schnitzer.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 mjini Oppeln, wakati huo Prussia, leo Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba alipofariki, mama aliolewa na Mkristo na mtoto akabatizwa. Alisomea udaktari hadi Berlin, akamaliza mwaka 1864, lakini hakupata ruhusa ya kutibu watu kwao. Akaenda zake kwenye Dola ya Uturuki, akawa daktari wa karantini katika bandari ya Antivari. Huko alijifunza Kituruki, Kialbania na Kigiriki. Alipoanza kutumia jina la Kituruki, alimwandikia dada yake asiwe na wasiwasi, kwamba kilichobadilika ni jina tu.

Baadaye alimtumikia gavana Ismail Hakki Pasha. Gavana huyo alipofariki mwaka 1873, Schnitzer alimchukua mjane pamoja na watoto, akawapeleka kwao Ujerumani na kuwatambulisha kuwa ni mke na wanawe. Mwaka 1875 aliondoka ghafla, akawaacha mikononi mwa ndugu zake. Hata wanaompenda hukosa la kumtetea hapa.

Desemba mwaka huohuo alitokea Khartoum akiitwa Emin, yaani mwaminifu. Shina lake ni lile lile la neno letu amini. Jenerali Gordon alimpa kazi ya udaktari na kumtuma kwa Mutesa wa Buganda na Kabarega wa Bunyoro. Mwaka 1878 akawa gavana wa Ekwatoria, eneo ambalo leo ni Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda.

Vita vya Mahdi vikamfungia njia. Ulaya ikapiga kelele kwamba lazima aokolewe, na Stanley akapitia msitu wa Ituri, ambako wapagazi wake walikufa kwa mamia. Aprili 1888 walikutana kwenye Ziwa Albert. Mwokoaji alikuwa na njaa na matambara. Aliyekuja kuokolewa alikuwa nadhifu, na ndiye aliyegawa chakula na nguo. Ni baada ya askari wake kuasi ndipo alipokubali kuondoka. Walifika Bagamoyo Desemba 1889, na katika karamu ya kumpokea Emin alianguka kutoka dirishani, akaumia vibaya kichwani.

Alipopona aliingia kazi ya Wajerumani. Mwaka 1890 alianzisha kituo cha Bukoba, na mwaka uliofuata, kinyume cha amri, akaelekea magharibi pamoja na Franz Stuhlmann, wakipita Ziwa Edward na bonde la Semliki, katika Kivu Kaskazini ya leo. Ndui ikaingia katika msafara. Emin alimwamuru Stuhlmann aondoke na wazima, yeye akabaki na wagonjwa. Mtu aliyewatoroka mjane na watoto safari hii hakutoroka.

Alipoendelea kuelekea mto Kongo, vita kati ya Wangwana na Dola Huru ya Kongo vilikuwa vimekwisha kuwaka. Chifu Kibonge alitoa amri, na Emin akachinjwa. Madaftari yake yalipatikana mwaka 1893, yamejaa vipimo vya ndege na hali ya hewa. Kwa kuwa uchunguzi wake wa wanyama haukuwa wa uongo hata kidogo, panya buku wa misitu yetu hadi leo anaitwa na wanasayansi Cricetomys emini.

Binti yake Ferida, aliyezaa na mwanamke wa Kihabeshi, alipelekwa Ujerumani kulelewa na shangazi, yule yule aliyeandikiwa kwamba kilichobadilika ni jina tu.