William Grove, zuzi aliyewaza taa ya wachimbaji

Leo tunawaletea maisha ya mutu ambaye hakuchimba hata siku moja, lakini aliwafikiria wale wanaoshuka chini.

William Robert Grove alizaliwa tarehe 11 Julai 1811 kule Swansea, katika inchi ya Wales. Muji ule ulikuwa kama Likasi ya wakati ule: mawe ya shaba yalifika kwa mashua kutoka Kuba na Chile, yakayeyushwa pale, moshi ukafunika vilima. Grove alisoma Oxford, kisha sheria, na mwaka wa 1835 akawa avoka. Lakini moyo wake ulikuwa kwa umeme.

Mwaka wa 1839 alitengeneza pile yenye nguvu sana: zinki ndani ya asidi moja, platini ndani ya asidi ingine. Telegrafu za Marekani ziliitumia. Alionyesha tena kama hidrojeni na oksijeni zikikutana kwenye platini zinazaa umeme na maji.

Wakati ule, ndani ya mine za makaa, gazi ilikuwa inalipuka na kuua watu wengi mara moja. Taa ya Davy yenye wavu ilisaidia, lakini mwangaza wake ulikuwa hafifu. Mwaka wa 1845 Grove aliandika namna ya kuangazia mine kwa umeme: waya wa platini unaowaka ndani ya kioo kilichofungwa, pasipo kugusa gazi ya inje. Ni miaka 34 mbele ya ampuli ya Edison! Lakini platini ilikuwa bei kali, na pile yake ilitoa moshi wa sumu. Tunakubali, moshi ule chini ya udongo ungekuwa hatari ingine. Hata hivyo, njia ilikuwa imeonyeshwa.

Mwaka wa 1852 akaona jambo lingine. Alipitisha umeme ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa, na metali ya ncha ya waya ikahama, ikalala juu ya sahani ya feza kama ukungu. Sababu ni hii: chembe za gazi zilizobeba umeme zinagonga metali kwa nguvu, zinatoa chembe zake, nazo zinaruka na kushika fasi ingine. Ni kama vipande vinavyoruka nyundo ikipiga mwamba.

Leo wataalamu wanalenga metali kwa mushale wa chembe za argoni. Tabaka inayozaliwa ni nyembamba sana kuliko unywele, lakini ni laini, imeshikamana, haina matundu, haibanduki upesi. Ndivyo walivyofunika, kule Lyon, Ufaransa, vioo vya mashini ya LIGO ya Marekani: tabaka za oksidi ya tantali, tabaka za silisi. Vioo vile ndivyo vilivyosaidia mwaka wa 2015 kupima mutetemeko uliotoka mbali sana angani. Na tantali, wote tunajua, inatoka ndani ya koltani.

Grove alirudi kwa sheria, sababu alikuwa na jamaa ya kulisha. Mwaka wa 1871 akawa zuzi, akaacha kazi mwaka wa 1887, akafa London tarehe 1 Agosti 1896.

Sisi wa sindika tunashika mambo mawili. La kwanza: wakituambia kwenye meza ya mazungumzo kama tunachotoa ni mawe tu, tukumbuke ile tabaka. Jiwe linauzwa kwa kilo. Tabaka inauzwa kwa akili iliyoitengeneza. Kwa hiyo tukidai mushahara, tudai tena masomo ya fundi kwa watoto wetu, wajue kazi inayofuata kisha kuchimba. La pili: taa ikizima chini, tusikubali kuambiwa kama taa nzuri ni anasa. Mutu mumoja aliihesabu kuwa lazima, zaidi ya miaka 170 iliyopita.