Maisha ya Tom Mboya na Safari za Wanafunzi Kwenda Ng'ambo

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, naye alifanya kazi ya unyapara katika shamba hilo la mlowezi Northrup McMillan. Mtoto huyo alikulia miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kila siku tangu utotoni. Jambo hili si dogo. Baadaye alipowahutubia makuli wa bandari ya Mombasa wakati wa mgomo wa mwaka 1955, hakuhitaji mkalimani.

Masomo aliyaanzia katika shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa kule Ukambani, kisha Yala, na hatimaye Mang'u alikoingia mwaka 1946. Alikuwa mwanafunzi hodari, lakini mwaka uliofuata alilazimika kuacha shule bila ya kuufanya mtihani wa cheti cha Cambridge. Hakushindwa na masomo; alishindwa na karo. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na mshahara wa nyapara haukuweza kumlipia yeye pamoja na wadogo zake.

Ili uzito wa tukio hilo ueleweke, ni sharti kuitazama ngazi ya elimu ya Waafrika wa Kenya katika enzi hizo. Ngazi yenyewe ilizidi kuwa nyembamba kadiri mtu alivyopanda, na kila baada ya miaka michache palikuwa na mtihani wa kuwachuja watoto. Wachache mno waliofika kidato cha nne na kukipata cheti cha Cambridge walikuta ngazi imekatika. Vyuo vikuu vya Uingereza vilidai masomo ya kidato cha tano na cha sita, ilhali shule za Waafrika nchini hazikuwa na madarasa hayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makerere, chuo kikuu cha pekee cha eneo zima kwa miaka mingi, kililazimika kuwapokea wanafunzi wenye cheti cha Cambridge na kuwafundisha chenyewe masomo hayo ya juu kabla ya kuwaanzishia shahada. Nafasi zake zilikuwa haba. Kwa hivyo kijana angeweza kufaulu vizuri kabisa na bado akaambiwa hajahitimu kuingia chuo kikuu, eti kwa kuwa hakusoma darasa ambalo halikuwapo katika shule yoyote ya Waafrika nchini mwake!

Mboya mwenyewe hakuifikia hata hatua hiyo. Mwaka 1948 alijiunga na shule ya Jeanes, Kabete, kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya, kwa sababu huko hapakuwa na karo ya kulipa. Alihitimu na kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951. Siku moja alipokuwa peke yake kazini, mama mmoja wa Kizungu aliingia, akamwangalia, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya alilisimulia tukio hilo miaka mingi baadaye, na ni wazi kwamba halikumtoka moyoni. Isitoshe, mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Hayo ndiyo yaliyomsukuma katika vyama vya wafanyakazi, na kufikia mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Wakati huo huo alikuwa akijisomea usiku kwa njia ya posta, akiyapokea masomo kutoka chuo kimoja cha Afrika Kusini.

Mlango ulimfungukia mwaka 1955. Chuo cha Ruskin mjini Oxford kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1899 mahsusi kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi ambao hawakubahatika kupata masomo rasmi, na hakikumdai mwombaji vyeti vya shule. Mboya alipata ufadhili, akasoma huko siasa, uchumi na mahusiano ya kazi kwa mwaka mmoja. Kabla ya kurejea nyumbani mwaka 1956 alizuru Marekani, na huko akakutana na mfanyabiashara William Scheinman, ambaye urafiki wao ungezaa matunda upesi. Mwezi Machi 1957 alisimama katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, akamshinda Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, msomi aliyehitimu Uingereza. Wapigakura wa Nairobi hawakuhesabu vyeti.

Hapo ndipo Mboya alipolishika suala la wanafunzi. Vyuo vya Marekani havikujua kidato cha tano wala cha sita. Vilimpokea kijana aliyesoma kwa miaka 12, yaani yule yule aliyekuwa na cheti cha Cambridge na aliyekataliwa kwingineko. Vijana wakawa wakiandika barua chungu nzima kuomba nafasi. Rafiki yake Barack Obama, babake Rais wa 44 wa Marekani, alikuwa ameondoka Maseno bila cheti, akasoma kwa njia ya posta, akaviandikia vyuo vingi hadi Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali mwaka 1959. (Wengi hudhani kwamba alisafiri kwa ndege ya Mboya, la, alisafiri peke yake.) Hata hivyo, barua ya kukubaliwa haikumvusha mtu bahari. Chuo kiliweza kusamehe karo, lakini nauli iliwashinda wazazi hata waliouza ng'ombe na kuandaa michango kijijini.

Mboya alirudi Marekani mwaka 1959, akazunguka akihutubia vyuo na mikutano. Kwa ushirikiano na Scheinman, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, fedha za kukodi ndege zilipatikana. Mwezi Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walitua New York. Serikali ya kikoloni ilinung'unika kwamba vijana hao hawakuwa na sifa na kwamba vyuo walivyoviendea vilikuwa hafifu. Haikuwa shutuma tupu: baadhi ya vyuo vilikuwa vidogo mno, na wanafunzi kadhaa waliishiwa na fedha wakiwa ugenini. Lakini serikali iyo hiyo ndiyo iliyokosa kufungua madarasa ambayo ukosefu wake iliuita ukosefu wa sifa.

Mwaka 1960 mambo yalikaribia kukwama, kwani serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kugharimia ndege. Tarehe 26 Julai Mboya alimwendea John Kennedy, aliyekuwa seneta na mgombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wanafunzi zaidi ya 200 wakasafiri, miongoni mwao Wangari Muta, ambaye baadaye alijulikana kama Wangari Maathai, aliyekwenda chuo cha watawa huko Kansas. Kufikia mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka. Pamela Odede, aliyeolewa na Mboya mwaka 1962, alikuwa katika kundi la kwanza. Naye alisomea mji uitwao Oxford, ila Oxford ya jimbo la Ohio.

Baada ya uhuru Mboya alikuwa Waziri wa Sheria, kisha wa Mipango ya Uchumi, wizara aliyoishikilia tangu mwaka 1964. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue, jijini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38, akazikwa Rusinga. Wakati huo chuo cha Nairobi kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilijitegemea mwaka uliofuata, 1970, na mmoja wa waliofundisha humo alikuwa Wangari Maathai.