Ludwig Prandtl, Mhandisi Aliyefumbua Fumbo la Tabaka Jembamba

Ludwig Prandtl alizaliwa tarehe 4 Februari, 1875 mjini Freising, Ujerumani, akasomea uhandisi mjini Munich. Enzi hizo wanahisabati, kwa kuona mnato wa hewa ni mdogo mno, waliuondoa katika milinganyo yao. Hesabu zikatoa jibu kwamba kitu kikipita hewani kwa kasi isiyobadilika hakizuiwi na chochote, jambo ambalo kila mhandisi alijua si kweli.

Mwezi Agosti, 1904, katika Mkutano wa Kimataifa wa Wanahisabati mjini Heidelberg, Prandtl alionesha kasoro ilipo. Mnato, ujapokuwa mdogo, hutawala ndani ya tabaka jembamba la hewa linalogusana na uso wa kitu, ambamo kasi huanzia sifuri na kupanda ghafla. Hivyo alikokotoa tabaka hilo kwa mlinganyo wake, na eneo la nje kwa mwingine.

Mwaka huohuo alihamia Göttingen, akafundisha huko hadi uzeeni. Alifariki dunia tarehe 15 Agosti, 1953.

Hata leo, kompyuta inapokokotoa milinganyo ya aina hiyo, nukta za hesabu husongamanishwa ndani ya tabaka. Zikiwa chache na kutawanywa sawasawa, jibu hupotoka, na makadirio ya nguvu inayoizuia ndege hupotoka nalo.