Kamanda na Boti Iliyoitwa Mimi



Leo sikuletei mtakatifu. Nakuletea afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, mtu aliyependa sana kusifiwa, ambaye jina lake limebaki katika historia ya Ziwa Tanganyika. Anaitwa Geoffrey Spicer-Simson. Najua kwetu Arash, ambako maji ni lambo la ng'ombe na korongo la msimu wa mvua, habari za manowari ni za mbali kidogo. Ila ugonjwa wa huyu bwana hauhitaji ziwa. Unaupata hata ukiwa umekaa chini ya mgunga na simu mkononi.

Alizaliwa mwaka 1876 huko Tasmania, Australia, na mwaka 1890 akaingia jeshi la wanamaji akiwa bado mvulana. Alikuwa na kipaji halisi: kupima maji na kuchora ramani zake. Alifanya kazi hiyo Uchina, kisha kwa miaka kadhaa katika mto Gambia, Afrika Magharibi. Kazi ya kupima kina cha maji haina shangwe. Unatumbukiza kamba, unasoma, unaandika, unasogea mbele, unatumbukiza tena. Ukikosea, meli ya mtu mwingine itakwama miaka mingi baadaye. Ukipatia, hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo.

Spicer-Simson aliiweza kazi hiyo, ila moyo wake ulikuwa kwingine. Alitaka kuonekana shujaa. Alipenda kusimulia mambo makubwa aliyoyafanya, mengine hayakutokea kabisa, na wenzake walijua. Huku akisimulia, mambo yalikuwa yanamwendea kombo. Akiwa nahodha wa manowari aliigonga mashua ndogo ikazama. Wenzake wakampita kwa vyeo. Vita Kuu ilipoanza akapewa meli nyingine ndogo za kusimamia, na tarehe 11 Novemba 1914 moja ya meli hizo, Niger, ikapigwa na Wajerumani na kuzama karibu na pwani ya Uingereza. Yeye alikuwa nchi kavu, hotelini. Baada ya hapo akawekwa ofisini.

Sasa tuje kwetu. Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala Ziwa Tanganyika. Walikuwa na meli mbili ndogo za kivita, Kingani na Hedwig von Wissmann, na Kigoma walikuwa wanaunganisha meli kubwa ya tatu, Graf von Goetzen, yenye urefu wa mita 70 hivi. Ilikuwa imetengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli mpaka ziwani. Aliyekuwa na ziwa aliweza kuvusha askari popote alipotaka. Waingereza wakaamua kupeleka boti mbili za injini, za mbao, zenye urefu wa mita 12 kila moja. Maafisa wengi wazuri walikuwa vitani tayari. Kazi akapewa Spicer-Simson.

Alitaka boti ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, majina ya kitoto ya Kifaransa yanayomaanisha mambo yale yale. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita hapo bila kusimama. Kamanda aliyependa sifa kiasi kile akaja Afrika akiwa amepanda boti iitwayo Mimi! Nadhani hata yeye hakujua alichokiandika.

Safari yenyewe ilikuwa kubwa kuliko vita. Boti ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikashushwa Cape Town, zikapandishwa reli hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli iliisha. Mbele kulikuwa na msitu na milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200 za kuvuka kabla ya kufika reli nyingine. Boti zilivutwa na mashine za mvuke na makundi ya ng'ombe. Njia ilikatwa kwa mikono, madaraja zaidi ya mia yakajengwa kwa magogo. Mashine za mvuke hunywa maji mengi, na maji yalipokosekana, akina mama wa vijiji vya huko waliyabeba kwa vichwa. Kisha wakashuka mto Lualaba, wakapanda reli tena, na mwezi Oktoba wakafika Lukuga, mji ambao leo ni Kalemie, Kongo.

Simama kidogo hapa. Kwetu tunajua maana ya mama kutembea kutafuta maji. Wanaume waliojenga yale madaraja na akina mama waliobeba yale maji, majina yao hayasomwi popote. Kamanda alipata nishani. Bila wao, Mimi ingeozea Katanga.

Tarehe 26 Desemba 1915, Jumapili, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, Kingani ilitokea. Mzinga wake ulielekea mbele tu, kwa hiyo boti za Waingereza zikaizungukia nyuma. Pigano halikuchukua hata robo saa. Nahodha wa Kijerumani na baadhi ya watu wake walikufa, meli ikatekwa, ikatengenezwa, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazamishwa. Mtu aliyekuwa kichekesho London sasa alikuwa mshindi kweli kweli. Waholoholo wa kando ya ziwa walimwita Bwana Chifungatumbo kwa sababu ya vazi kama sketi alilopenda kuvaa, wakafinyanga na sanamu zake za udongo. Kila alichokuwa amekitamani alikipata.

Halafu akasimama. Goetzen ilipoonekana ziwani, hakutoka kuipiga. Miezi michache baadaye alipelekwa kusaidia kuizingira ngome ya Wajerumani ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, akakataa kusogea karibu, na Wajerumani wakatoroka kwa maji usiku. Na Goetzen ile? Mizinga yake mikubwa ilikuwa imeshaondolewa kwa ajili ya vita vya nchi kavu. Mwishowe Wajerumani wenyewe waliizamisha, tarehe 26 Julai 1916. Spicer-Simson akarudi Uingereza mgonjwa, na hakupewa tena kikosi cha kupigana.

Kilichokuwa ndani ya moyo wake anakijua Mungu. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino ananisaidia kuisoma stori hii. Anafundisha kwamba ukuu wa moyo na unyenyekevu ni fadhila mbili zisizogombana. Ukuu wa moyo unakusukuma kuyafuata mambo makubwa unayoyaweza kweli. Unyenyekevu unakuzuia kuyakimbilia yaliyozidi kipimo chako. Kumbe unyenyekevu si kujidharau. Ni kuusema ukweli juu yako mwenyewe. Kinachoviharibu vyote viwili ni majivuno matupu, yaani kuitafuta sifa yenyewe badala ya jambo jema linalostahili sifa.

Mwenye majivuno matupu ana mabwana wawili. Kabla hajapata sifa, anasema uongo ili aipate. Akishaipata, anaogopa kuipoteza, kwa hiyo hathubutu tena. Tusidanganyane, wengi wetu tunaishi hapo. Unaposti picha ya hija, halafu unahesabu laiki. Unaimba kwaya vizuri, ila siku mwalimu amempa mwingine nafasi ya kuongoza, humwoni tena mazoezini. Hata sisi seminarini mtu anaweza kusali vizuri zaidi kanisani kukiwa na watu. Yesu alishawaona wageni wanaokimbilia viti vya mbele karamuni (Luka 14), na hakuwakataza kuja karamuni. Aliwaonyesha pa kukaa.

Sehemu ninayoipenda ya maisha ya huyu kamanda ni ile ambayo wasimulizi wengi wanaipita haraka. Mwaka 1921 ilianzishwa huko Monaco ofisi ya kimataifa ya kuunganisha nchi katika kupima bahari na kuchora ramani zake. Spicer-Simson akawa katibu mkuu wake hadi 1937. Miaka 16 mezani, alama za ramani, vipimo, barua za nchi mbalimbali. Ni kile kile kipaji cha mto Gambia. Hakuna aliyemfinyangia sanamu kwa hilo, ila mabaharia wa mataifa mengi walisafiri salama zaidi kwa sababu ya kazi ya ofisi ile. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Na Goetzen iliinuliwa kutoka chini ya maji mwaka 1924, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Meli ya kivita ikabeba akina mama, magunia na samaki kwa miongo mingi baada ya makamanda wote kuondoka.

Wiki hii jiulize mbele ya Sakramenti Takatifu: ni kipaji gani Mungu alinipa ambacho nakiona kidogo kwa sababu hakipigiwi makofi? Kisha fanya kazi moja nacho, bila kumwambia mtu.

Ee Bwana Yesu, uliyekaa Nazareti miaka mingi bila kujulikana, utufundishe kufanya kazi chini ya macho ya Baba peke yake. Amina.